Asilimia ngapi, ya nini, kwa muda gani?

Swali la kwanza ninaloulizwa ofisini, mara nyingi kabla mtu hajakaa vizuri kitini, ni "Inatoa asilimia ngapi?" Anayetaka vipande vya mfuko wa uwekezaji anauliza hivyo, anayetaka hatifungani za Serikali anauliza hivyo, na anayetafuta mkopo naye anauliza hivyo hivyo, ila yeye analigeuza: "Wanakata asilimia ngapi?" Nami nalazimika kujibu swali kwa maswali, tabia ambayo wateja hawaipendi. Asilimia ya nini? Kwa mwezi au kwa mwaka? Ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba, au ni kile kilichopatikana mwaka jana? Kabla ya kodi au baada yake?

Wengine hudhani nazunguka. Lakini kumi na tano ya tangazo la mnada wa Benki Kuu, kumi na tano ya mfuko wa vipande na kumi na tano ya kikoba cha mtaani huandikwa kwa tarakimu zile zile, na kila moja huleta mfukoni pesa tofauti kabisa. Nimeona watu wenye shahada zao wakizilinganisha kana kwamba ni bei ya sukari duka hili na duka lile.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mwenye duka la vipodozi Tegeta. Alikuwa na milioni sita kwenye amana ya muda maalum, ile tunayoiita fiksi, kwa asilimia 9 kwa mwaka. Alihitaji milioni sita nyingine aongeze mzigo kabla ya Desemba, na taasisi moja ya mikopo ilikuwa imeshamkubalia kwa asilimia 2 kwa mwezi, marejesho ya miezi kumi na miwili. Hesabu yake aliipiga kichwani: mbili mara kumi na mbili ni ishirini na nne, toa tisa ninazopata benki, kwa hiyo mkopo unanigharimu kumi na tano. "Si mbaya, kaka. Na akiba yangu sijaigusa." Alichotaka kwangu ni kitu kidogo tu: fiksi ikiiva, aihamishie wapi penye asilimia kubwa zaidi.

Fiksi tutairudia. Tuanze na ule mkopo, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Mbili isiyo mbili

Asilimia 2 ya milioni sita ni shilingi 120,000. Kwa miezi kumi na miwili inakuwa 1,440,000. Taasisi inajumlisha riba hiyo na mkopo, inapata 7,440,000, inagawa kwa kumi na mbili, na rejesho linakuwa 620,000 kila mwezi. Hakuna aliyedanganya. Karatasi imeandikwa mbili, na hesabu imefuata mbili.

Sasa angalia ni pesa za nani zinazotozwa. Mwezi wa kwanza mama ana milioni sita za watu mkononi, analipa 120,000, sawa. Mwezi wa saba ameshapunguza karibu nusu ya deni. Bado anatozwa 120,000, yaani riba ya milioni sita ambazo hana. Mwezi wa kumi na mbili amebakiza kama laki tano, na riba ni ile ile 120,000. Riba ya aina hii hupigwa juu ya mkopo wa siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, hata kama mkopo wenyewe umeyeyuka.

Njia nyingine ni kutoza riba juu ya salio, yaani kile tu kinachodaiwa mwezi huo. Kwa asilimia 2 juu ya salio, milioni sita za mwaka mmoja zina rejesho la takriban 567,000 kwa mwezi, na riba yote ni kama 808,000. Linganisha na 1,440,000. Zote mbili ni "asilimia 2 kwa mwezi", na tofauti yake inazidi laki sita.

Ukitaka kuugeuza ule mkopo wa kwanza uwe lugha ya salio, upate kujua unalingana na asilimia ngapi hasa, jibu ni karibu 3.5 kwa mwezi. Ukizidisha kwa kumi na mbili, unakuta umeshafika arobaini na moja na ushee kwa mwaka. Kanuni ya haraka ambayo nawapa wateja wasiopenda kikokotoo ni hii: kwa mkopo wa mwaka mmoja, riba iliyopigwa juu ya mkopo wote izidishe kwa moja na robo tatu hivi, utakuwa umekaribia ukweli. Sababu yake ni rahisi kuiona. Anayerejesha kidogo kidogo kila mwezi, kwa wastani wa mwaka mzima, anakuwa ameshika kama nusu ya mkopo tu.

Kuna na kile kipengele cha ukurasa wa tatu. Mkataba wa mama ulikuwa na ada ya kuchakata mkopo ya asilimia 3, inayokatwa juu kwa juu. Kwa hiyo milioni sita zilizoandikwa zingeingia kwenye akaunti yake zikiwa 5,820,000, huku rejesho likibaki 620,000. Ukiingiza hilo kwenye hesabu, ile mbili sasa imekuwa nne kwa mwezi. Nne kamili, karibu arobaini na nane kwa mwaka. Na hatujagusa bima ya mkopo wala gharama za kusajili dhamana.

Simlaumu afisa mikopo. Yeye naye amepewa malengo ya mwezi na kipeperushi kilichochapishwa makao makuu. Lakini swali la kumuuliza si "riba asilimia ngapi". Mwulize mambo mawili: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla mpaka siku ya mwisho. Kisha ongeza la tatu, ambalo humtoa jasho: nikilipa deni lote mwezi wa sita, napunguziwa nini? Riba ya juu ya salio itapungua yenyewe. Ile nyingine, mara nyingi, utaambiwa ilishapigwa.

Msomaji wa Kiislamu anayechukua murabaha, ambapo benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa mwanzoni, yuko nje ya mjadala wa riba kwa mujibu wa dini, lakini hesabu ya shilingi haimruki. Faida ya 1,440,000 juu ya bidhaa ya milioni sita inayolipwa kidogo kidogo kwa mwaka ina uzito ule ule mfukoni. Linganisha benki mbili za aina hiyo kwa jumla ya shilingi, na uulize mapema kama ukimaliza kabla ya muda unasamehewa sehemu ya faida.

Mwezi unavyojificha ndani ya mwaka

Mikopo ya simu ina ujanja wake, nao ni muda. Kenya, M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Saba na nusu inasikika ndogo kuliko kumi na nne ya benki, sivyo? Ila kumi na nne ya benki ni ya mwaka. Anayekopa, kulipa na kukopa tena kila mwezi analipa saba na nusu mara kumi na mbili, nazo ni tisini kwa mwaka. Kwa dharura ya siku tatu, mtoto anaumwa usiku, mkopo wa namna hiyo una kazi yake na sitambeza mtu. Kwa kuendeshea biashara ni jambo lingine.

Huku kwetu kuna vile vya kausha damu, ambavyo hata mwezi havifikishi: wanahesabu kwa wiki, wengine kwa siku. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Majina yalifungwa, lakini hesabu ya kwa wiki ipo bado mitaani. Ukitajiwa riba ya wiki, izidishe kwa hamsini na mbili kabla hujaweka saini. Ukitajiwa ya siku, ondoka tu, hesabu ya nini.

Kikoba nakiweka pembeni kwa makusudi. Vipo vikoba vinavyotoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo benki ikiitoza magazeti yataandika. Lakini riba ya kikoba haiendi kwa mtu wa nje. Inakusanywa, na siku ya kuvunja kikoba inarudi kwa wanachama kama mgao. Kwa hiyo asilimia ile inakulipa na kukulipisha kwa wakati mmoja, na swali ni uko upande gani zaidi. Mwanachama mwenye hisa nyingi anayekopa mara moja kwa mwaka anatoka na mgao mnono. Mwenye hisa chache anayekopa kila mzunguko ndiye anayeupika mgao huo, wanaula wenzake, na Desemba anapiga vigelegele pamoja nao. Katika vikao vya akina mama nilivyoalikwa, kitu hiki hakisemwi kwa sauti, ingawa mweka hazina anakijua vizuri.

Muda ndio pia unaofichua utapeli. Mtu akikuahidi asilimia 30 kwa mwezi, usianze kuuliza kama kampuni imesajiliwa; cheti cha usajili kinapatikana kwa yeyote. Chukua kalamu. Laki moja ikikua kwa thelathini kila mwezi bila kutolewa, mwaka ukiisha ni milioni 2.3. Mwaka wa pili ni milioni 54. Mwaka wa tatu ni zaidi ya bilioni moja na milioni mia mbili, kutoka laki moja. Mwenye biashara ya aina hiyo angekuwa na shida gani ya laki moja yako? Angeiweka yake mwenyewe akae nyumbani. Mwaka 2009 watu kwa maelfu walipanga foleni "kupanda mbegu" kwenye upatu wa DECI, yaani kuweka pesa kwa ahadi ya kuvuna zaidi, wengi wao wakiwa watu wa makanisani, wakapanda mpaka Serikali ilipoifunga. Waliovuna mapema walivuna mbegu za waliokuja nyuma. Tangu hapo majina yamebadilika kila baada ya miaka michache, kutoka mbegu kwenda kuku, kwenda sarafu za mtandaoni, kwenda kazi ya kutazama video kwenye simu. Hesabu ya kwa mwezi haijabadilika.

Inayoandikwa na inayoingia

Turudi kwenye fiksi ya mama wa Tegeta. Benki ilimwandikia 9. Riba ya amana Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, benki yenyewe inakata kabla hujaiona. Milioni sita kwa tisa ni 540,000, kodi 54,000, anaingiziwa 486,000. Tisa yake ni 8.1. Angekuwa Nairobi, kodi ni 15, na tisa ingekuwa 7.65. Ndiyo maana mifuko ya soko la fedha ya Kenya, ile inayoweka pesa za watu kwenye vitu vya muda mfupi, inayojitangaza kwa asilimia fulani kwa mwaka huwa inataja namba ya kabla ya kodi, na mwenye pesa anashangaa mbona kinachoonekana kwenye taarifa ni pungufu.

Hatifungani za muda mrefu za Serikali yetu riba yake haikatwi kodi hiyo. Kenya, hatifungani za kawaida za miaka kumi na zaidi zinakatwa 10, za chini ya hapo 15, lakini zile za miundombinu zimekuwa hazikatwi kabisa. Februari 2024 Kenya iliuza moja ya miundombinu yenye riba ya 18.46. Ilitafuta shilingi bilioni 70, watu wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 280. Ukiwa na 20 yenye kodi ya 15 mkononi, unabaki na kumi na saba. Kumi na nane na ushee isiyo na kodi inaipita ishirini hiyo, na wenye pesa zao walilijua hilo.

Kisha kuna mfumuko wa bei. Hapa Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3, kwa takwimu rasmi. Kapu la nyumbani kwako linaweza kuwa na maoni yake. Kwa hiyo katika 8.1 ya mama, kama tatu zinakwenda kununua kile kile alichonunua mwaka uliopita, na ongezeko la kweli ni tano hivi. Pesa iliyolala kwenye akaunti ya kawaida au kwenye simu isiyolipa kitu inapungua kwa tatu hiyo kila mwaka, kimya kimya.

Hatifungani: kuponi si faida

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo wateja wangu wazoefu wanapokosea, wale wanaojiona wameshavuka darasa la fiksi.

Hatifungani ya Serikali ni mkopo ambao wewe ndiye mkopeshaji. Benki Kuu inaendesha mnada kwa niaba ya Serikali, unashiriki kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na kiasi cha chini ni milioni moja. Serikali inaahidi mambo mawili: kukulipa riba, tunayoiita kuponi, mara mbili kwa mwaka, na kukurudishia mtaji siku ya kuiva. Kuponi haibadiliki mpaka mwisho. Hapo ndipo watu hufungia daftari, wakidhani wameshaelewa.

Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, kuponi yake ilikuwa 15.95. Mwaka 2022 Serikali ikashusha, na za miaka 25 zilizofuata zikatoka na 12.56. Fikiria majirani wawili. Mmoja ana milioni kumi za ile ya kwanza, anapata 797,500 kila miezi sita. Wa pili ana milioni kumi za ile mpya, anapata 628,000. Karatasi zote mbili zinadaiwa Serikali ile ile. Sasa jirani wa kwanza akitaka kuuza, atakubali milioni kumi? Hawezi. Wanunuzi wataigombea, na bei itapanda mpaka mnunuzi mpya aone haina tofauti kubwa na ile ya 12.56. Ndiyo maana sokoni utasikia bei kama 110 au 120. Bei hizi hutajwa kwa kila shilingi 100 za mtaji.

Na sasa mtego. Mtu anaona tangazo: "hatifungani ya 15, inauzwa". Anachangamka. Bei ni 110, na imebakiza miaka miwili kuiva. Anasema hata nikiongeza kidogo, si nitapata kumi na tano? Tuhesabu. Anatoa 110. Mwaka wa kwanza anapata 15, wa pili 15, na siku ya kuiva Serikali inarudisha 100, kwa kuwa 100 ndiyo ilikopa, 110 haijui. Jumla 130. Ametoa 110, amepata ziada ya 20 kwa miaka miwili. Ukiipigia hesabu kamili ya mwaka, ni tisa na ushee. Amenunua tisa iliyovaa kanzu ya kumi na tano. Huenda tisa hiyo ni nzuri kwake, sisemi asinunue. Nasema ajue anachonunua. Namba ya kumwuliza dalali ni mavuno mpaka kuiva, ile inayochanganya bei uliyolipa, kuponi zilizobaki na mtaji utakaorudi. Kuponi peke yake inakueleza tu kiasi kitakachoingia kila miezi sita.

Upande wa pili unaumiza zaidi. Umenunua ile ya 12.56 kwa 100, milioni kumi. Baada ya muda mfupi riba sokoni zinapanda, wanunuzi wanataka 15. Hakuna atakayekupa 100 kwa karatasi ya kumi na mbili na nusu wakati za kumi na tano zipo. Ili nao wapate kumi na tano yao, bei yako lazima ishuke mpaka karibu 84. Kwa hiyo ukipata msiba, au ada ya chuo ikakubana, ukaenda kuuza, utapewa kama milioni 8.4. Serikali haijakosa kukulipa hata senti. Kuponi zote zimeingia kwa tarehe. Na bado umepoteza zaidi ya milioni moja na nusu. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinitazama kama mwizi nilipomweleza hivi. Aliingiza kiinua mgongo chake karibu chote kwenye miaka 25 baada ya kuambiwa na mtu kwamba "hatifungani haina hatari". Hatari ya kutolipwa ndiyo ndogo. Hatari ya kulazimika kuuza siku mbaya ni kubwa, na inakua kadiri miaka iliyobaki inavyokuwa mingi. Ya miaka miwili ikikumbwa na mabadiliko yale yale, bei yake hutikisika kwa pointi chache tu.

Kwa hiyo nikiulizwa nichukue ya miaka mingapi, naulizia kwanza pesa hiyo itahitajika lini. Mwenye miaka 63 mwenye mifugo, nyumba isiyokwisha na wajukuu wawili shule ya bweni, miaka 25 ni ya watoto wake, na tukikubaliana hivyo basi na iwe hivyo kwa kujua. Huwa tunagawa: sehemu ndefu kwa ajili ya kuponi za kuishi nazo, sehemu fupi kwa ajili ya mambo yasiyopiga hodi.

Vipande, na asilimia ya jana

"UTT inatoa ngapi?" Haitoi. UTT ni taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unakusanya pesa za watu wengi, unanunua hatifungani, amana na hisa kulingana na aina ya mfuko, na unakupa vipande. Vile vilivyonunuliwa vikipanda thamani, kipande kinapanda, vikishuka, kinashuka. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, una hisa ndani yake, kwa hiyo unayumba pamoja na Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mfuko wa Ukwasi unakaa zaidi kwenye vitu vya muda mfupi, haukurupuki, na pesa yake inatoka kwa siku chache. Kumi na mbili au kumi na tatu unayoisikia ni hesabu ya mwaka uliopita. Ni taarifa ya kweli, lakini inatazama nyuma, wakati kuponi ya hatifungani inatazama mbele. Kuziweka safu moja kwenye karatasi ni kulinganisha mvua iliyonyesha na mkataba wa maji wa DAWASA. (Na huo mkataba nao, wakazi wa Goba wana la kusema.)

Hisa ni zaidi ya hapo. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya 5, lakini hakuna aliyekuahidi gawio. Kampuni ikipata hasara, au bodi ikiamua faida ibaki ndani, unapata sifuri kihalali.

Kwa ndugu walio Muscat au Minnesota wanaotuma pesa kuwekeza nyumbani, kuna asilimia nyingine inayopita juu ya zote, nayo ni sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa ikifika shilingi 160 za Kenya. Kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa inazunguka 130. Aliyeshikilia dola elfu moja Nairobi kwa hofu, akaziuza baadaye, alikosa kama shilingi elfu thelathini, karibu asilimia 19, kwa miezi michache. Aliyezibadilisha mapema akanunua ile ya miundombinu alipata kuponi na nafuu ya sarafu juu yake. Ingeweza kwenda kinyume, na miaka mingine imekwenda kinyume.

Asilimia ya mshauri

Kuna moja ambayo watu hawaiulizi kwa heshima: yangu. Mshauri wa uwekezaji hapa Tanzania anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na unayo haki ya kumwomba akuonyeshe. Baada ya hapo mwulize analipwa na nani. Wapo wanaolipwa na mteja kwa kikao au kwa mwaka. Wapo wanaolipwa kamisheni na kampuni wanayokuuzia bidhaa yake, na hao kisheria ni mawakala, hata kadi ikiandikwa mshauri. Bima za maisha zenye akiba ndani yake ndizo zinazonipa kazi nyingi ya kusafisha: mtu anachangia miaka mitatu, anataka kutoka, anakuta alichochangia mwanzoni kiligawanywa kwanza kwa kamisheni na gharama. Wakala hakutaja asilimia hiyo kwa sababu hakuulizwa. Tena anaweza kuwa shemeji yako, ndiyo maana hukuuliza.

Mimi natoza kwa kikao, na mama wa Tegeta alilipia kimoja. Tuliandika kwenye karatasi moja, upande huu mkopo, upande huu fiksi, kwa shilingi bila asilimia yoyote. Mkopo: riba 1,440,000 na ada 180,000, jumla 1,620,000. Fiksi: akiivunja leo atapoteza riba, na hata akipoteza yote ya mwaka mzima ni 486,000. Ile kumi na tano aliyokuja nayo kichwani ilikuwa 1,134,000 za kumlinda asiiguse akiba yake.

Alikaa kimya, akapiga hesabu upya kwa simu yake, akapata zile zile. Kisha akasema kitu ambacho kikokotoo hakina: "Kaka, pesa hiyo nikiigusa hairudi. Deni la watu nalilipa. Langu mwenyewe sitalilipa."

Nilimwelewa, na si yeye peke yake aliye hivyo. Tukafungua akaunti ya Mfuko wa Ukwasi, akaweka agizo la kudumu benki: tarehe tano ya kila mwezi, 620,000, rejesho lile lile ambalo angeipelekea taasisi. Fiksi akaivunja Oktoba, mzigo ukaingia Novemba. Rejesho la mwezi wa tatu alilikosa, akanipigia simu mwenyewe kuomba aongezewe siku kumi. Nikamwambia mkopeshaji ni yeye, ajiulize mwenyewe kama anampa.